Wanataka niandike kwamba mzee hana akili

BARUA

Nawasalimu kutoka mkoani Lindi. Nafanya kazi ya fiziotherapia katika hospitali ya wilaya. Wagonjwa wananiita daktari wa mazoezi. Kitengoni tuko watatu: mkuu wa kitengo, mimi, na mhudumu mmoja.

Mwezi wa nne tulipokea mzee wa miaka 68, mkulima wa korosho, aliyepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimelegea, na maneno yamekatika. Alikuja kliniki mara nne, kisha familia ikasema kilomita 14 za bajaji zinamtesa, wakaniomba nimfuate nyumbani jioni nikitoka kazini. Tukakubaliana shilingi 20,000 kila ziara, mara mbili kwa wiki. Leo nimefikisha ziara ya 18. Mguu umeanza kupata nguvu, ila bega linamuuma sana.

Mkuu wangu alipojua, hakunikataza. Alisema kwa kuwa mzee ana bima, nijaze fomu kana kwamba siku zile alikuja hospitali, kwa sababu "tiba si umefanya?" Nimeshasaini fomu tatu.

Sasa limekuja kubwa zaidi. Msimu wa korosho uko mlangoni. Hela za mnada huingia kwenye akaunti ya mzee, na za mwaka jana bado zimo. Vibarua wa palizi na wapulizaji wa salfa, dawa ya mikorosho, wanadai. Mwanawe mkubwa anataka nimwandikie barua ya kupeleka benki, kwamba baba yake amepoteza akili, ili yeye asimamie akaunti. Ameniwekea laki mbili mezani. Hoja yake ni hii: baba anasoma Alhamdu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea, lakini ukimuuliza anataka nini anajibu "kesho, kesho". Huko si kuchanganyikiwa? Kusema kweli kuna siku namkubalia. Halafu kuna siku mzee ananitazama hivi, najua kabisa ameelewa kila neno.

Bibi wa nyumbani, ambaye ni mke mdogo na si mama wa vijana hawa, ananisihi nisiandike. Kijana mwingine yuko Dar, anataka kila wiki nimtumie video ya baba yake akitembea.

La mwisho, mtanicheka: bibi hunifungia ming'oko (vile viazi pori vya kwetu) kila nikiondoka. Nayo ni rushwa?

Daktari wa mazoezi, Lindi

JIBU

Dada (utusamehe kama ni kaka, barua haikusema), barua ya benki usiiandike. Usiiandike hata kwa maneno laini, hata bila laki mbili. Kazi yako inakuruhusu kusema juu ya nguvu ya misuli, mwendo, mizani ya mwili, na jinsi mgonjwa anavyojimudu kuoga, kula na kuvaa. Kusema kwamba mtu hawezi tena kuamua juu ya mali yake ni kazi ya daktari aliyempima kwa jambo hilo, na mwishowe ni ya mahakama. Ukiandika wewe utakuwa umetoka nje ya leseni yako, na mtu wa kwanza kuumia atakuwa huyo mzee anayekutazama.

Tuanze na Alhamdu, maana hapo ndipo familia nyingi hupotea, na watoa tiba pia.

Kwa watu wengi maneno hukaa upande wa kushoto wa ubongo, ule ule unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Kiharusi kikipiga hapo, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuchomoa neno analolitaka huku akili ikiwa nzima. Lakini maneno yaliyokaririwa tangu utotoni yana njia yake nyingine: sura za Kurani, kuhesabu moja hadi kumi, siku za wiki, salamu, nyimbo, hata matusi. Hayo hutoka yenyewe. Ndiyo maana mzee anamaliza Alhamdu yote na bado hawezi kusema "nipe maji". Na hilo "kesho, kesho" ni neno lililobaki mdomoni. Kila anapotafuta neno, linatoka hilo. Huenda analisikia mwenyewe na linamuudhi kuliko linavyomuudhi mwanawe. Mambo haya mawili hayathibitishi kuchanganyikiwa. Wala hayathibitishi kwamba anaelewa kila kitu, na hapo tunakuonya: yale macho yanaweza kukudanganya. Mwenye kiharusi cha namna hii hujua kutikisa kichwa na kutabasamu mahali panapostahili hata kama sentensi imempita.

Kwa hiyo pima. Chagua asubuhi, kabla ya mazoezi, maana uchovu unaharibu kila kitu. Zima redio, toa watoto chumbani, mvalishe miwani kama anayo, na hakikisha anasikia. Kaa upande wake wa kushoto, kwa kuwa baadhi ya wenye kiharusi hiki hawaoni vizuri vya upande wa kulia. Andaa maswali 10 ambayo majibu yake unayajua, matano ya ndiyo na matano ya hapana, yaliyochanganywa: "Unaitwa Juma?" "Tuko hospitali?" "Mikorosho inazaa embe?" Swali moja kwa wakati mmoja, fupi, kisha nyamaza na uhesabu moyoni hadi 10 kabla ya kurudia. Wengi wetu hatufiki hata 3, na mgonjwa anaandikiwa hajui kumbe alikuwa bado analitafuta jibu.

Usitegemee mdomo wala kichwa. Wagonjwa hawa huchanganya "ndiyo" na "hapana" wakati wa kutamka, ingawa wanajua wanachotaka. Mpe kadi mbili, moja yenye alama ya vema na nyingine ya mkasi, aguse. Atagusa kwa mkono wa kushoto, na hapa kuna jambo dogo lenye uzito: mzee wa heshima zake atasita kumnyooshea mtu mkono wa kushoto. Mwambie mapema, mbele ya watu wa nyumbani, kwamba ugonjwa umempa ruhusa. (Hata chakula. Kuna wazee wanaodhaniwa wamekosa hamu ya kula, kumbe wanaona haya kulia kushoto mbele ya wakwe.)

Akipatia 9 au 10, ndiyo na hapana yake inategemeka kwa maswali mepesi. Akipata 5 au 6, ni sawa na kurusha shilingi hewani. Rudia siku nyingine kwa maswali mapya. Kisha geuza: uliyemuuliza "Una maumivu begani?" muulize baadaye "Bega liko salama?" Akigusa vema mara zote mbili, bado hujapata jibu.

Rudia pia kwa lugha aliyozaliwa nayo. Mzee wa miaka 68 kutoka kijiji cha Lindi huenda alikulia kwenye Kimwera, Kimakonde au Kiyao, na Kiswahili kikaja baadaye. Kiharusi hakilazimiki kuziumiza lugha zote kwa kiasi kimoja. Mkalimani asiwe mwanawe mkubwa. Asiwe bibi pia. Tunajua umeshaegemea upande wake, lakini mke mdogo naye ana lake katika hela zile, na wewe hukuitwa kuamua kesi ya ukoo. Tafuta muuguzi wa hospitalini anayeijua lugha hiyo.

Jingine la kuangalia: amri za mwili. Ukimwambia "toa ulimi" akashindwa, usikimbilie kuandika kwamba haelewi. Mtazame akinywa chai. Akilamba midomo yake mwenyewe bila shida, ubongo umepoteza namna ya kupanga tendo kwa kuagizwa, na uelewa unaweza kuwa uko salama. Ndiyo maana maswali ya kugusa kadi ni bora kuliko "inua mkono", "fumba macho".

Ukishapima, andika kwenye faili. Mfano: "Udhaifu wa mkono na mguu wa kulia. Ugumu mkubwa wa kutoa maneno. Leo saa 3 asubuhi, kwa kadi mbili, amejibu sahihi maswali 9 kati ya 10 kwa Kiswahili. Sijapima uwezo wake wa kuamua mambo ya fedha." Sentensi ya mwisho usiiache kamwe. Kisha mpe rufaa kwa daktari, ukieleza kwamba familia ina swali la fedha. Wataalamu wa tiba ya kusema ni wachache mno nchini, kwa hiyo ukurasa wako huenda ukawa ndio pekee utakaomsaidia daktari kujua jinsi ya kuongea na huyu mgonjwa. Uwe wa kweli.

Daktari naye hatapima "akili" kwa ujumla. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo moja na kwa wakati mmoja. Mzee anaweza kushindwa kuelewa mkopo wenye riba na bado akajua vizuri kabisa kwamba vibarua walipwe na nani apewe kazi ya kuwalipa. Na aliye dhaifu leo, miezi mitatu baada ya kiharusi, anaweza kuwa bora baada ya mwaka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 12 iko wazi: ulemavu haumwondolei mtu utu wake mbele ya sheria, na anayehitaji msaada ili aamue apewe huo msaada kwanza. Nyumbani tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010.

Hapo ndipo pa kumwelekeza kijana, kwa sababu shida yake si ya kubuni: vibarua wanadai kweli, na mikorosho isiyopuliziwa haizai. Mwambie hivi: "Kaka, mimi barua hiyo si yangu kuandika, na hela hii chukua. Lakini njia ipo." Njia yenyewe: familia iende kwa meneja wa tawi, ieleze kwamba mwenye akaunti ni mgonjwa, iulize utaratibu wa mteja asiyeweza kusaini na kama ofisa anaweza kumfuata nyumbani. Mzee akielewa na kukubali, anaweza kumteua mtu kwa hati mbele ya wakili, kwa kazi maalumu tu, kama kulipa palizi na salfa ya msimu huu. Asipoweza, ni daktari na mahakama. Waunganishe na afisa ustawi wa jamii wa hospitali yako. Yeye ndiye wa kukaa na mke mdogo na watoto wa mke mkubwa kwenye mkeka mmoja. Kama hawana uwezo wa wakili, waulize halmashauri juu ya wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Zile laki mbili zirudishe siku hiyo hiyo, mbele ya mtu wa tatu, na umwarifu mganga mfawidhi kwa maandishi. Kupokea fedha ili uandike cheti cha uongo ni rushwa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, haina jina jingine. Akirudi na kubwa zaidi au na vitisho, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

Fomu za bima. "Tiba si umefanya?" ni maneno matamu, lakini fomu haikuulizi kama ulifanya tiba, inaeleza kwamba mgonjwa alifika kituoni siku fulani na kituo kinadai malipo. Hakufika. Na familia ilikwishakulipa 20,000 kwa ziara ile ile, maana yake huduma moja imelipiwa mara mbili, na saini iliyopo ni yako, ya mkuu haipo. Siku wakaguzi watakapolinganisha fomu na daftari la mahudhurio la kliniki, tofauti itaonekana ndani ya dakika tano. Mwandikie mganga mfawidhi leo: tarehe tatu, namba za fomu, na kwamba ziara zilifanyika nyumbani. Kama madai ya mwezi hayajatumwa, fomu zitaondolewa. Kama yametumwa, hospitali ndiyo itakayoarifu bima kusahihisha. Usimtaje mkuu wako kwa lawama. Andika tu kwamba ulielekezwa, na nani, na lini. Ukipata ukimya, ngazi inayofuata ni mganga mkuu wa wilaya.

Mambo mawili watu hukosea wakifika hapa. Wengine hufuta kwa rangi nyeupe au kuchana kurasa: usiguse. Kosa kwenye rekodi hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, kisha tarehe na saini. Wengine hupiga picha faili za wagonjwa na kuziweka kwenye simu "kama ushahidi". Hilo nalo ni kosa. Nakala ya barua yako mwenyewe inakutosha.

Ziara za jioni. Hatusemi zimekatazwa kila mahali, ila mtumishi anayemtibu mgonjwa wa kliniki yake kwa malipo binafsi bila mwajiri kujua kwa maandishi amejitia kitanzi. Omba kibali. Hadi kitakapotoka, simamisha malipo.

Na tuseme lililotusumbua zaidi katika barua yako, ambalo wewe umelipitia juu juu: bega. Ziara 18 ni shilingi 360,000, na bega linauma. Wewe uko pale pengine saa mbili kwa wiki. Saa nyingine zote nani anamnyanyua? Kwa mgonjwa wa namna hii tunashuku kwanza kwamba anavutwa kwa mkono uliolegea au kunyanyuliwa kwa kwapa. Misuli inayoshika bega ikiwa imelegea, kila mvuto unashusha mfupa kutoka kwenye kikombe chake. Weka kidole juu ya bega, chini kidogo ya ncha ya mfupa, ulinganishe na upande mzima: kama kidole kinaingia kwenye shimo, umepata jibu. Mkono usining'inie, akikaa, ulale juu ya mto au meza.

Swali la maadili liko hapo hapo. Mtoa tiba anayelipwa kwa ziara ana sababu ya kutomfundisha mtu wa nyumbani, hata asipokusudia. Kwa hiyo weka mwisho: ziara 4 zaidi, na kazi yako kuu iwe kumfundisha bibi na kijana mmoja mwenye nguvu. Kiti kigumu chenye urefu wa goti la mzee au zaidi kidogo, mgongo wake ukutani. Miguu irudi nyuma ya magoti, pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asimame. Msaidizi akae upande wa kulia, ashike mkanda au nyonga, asiguse mkono. Mara 8, pumziko la dakika 2, seti 3, asubuhi na jioni. Wao ndio wafanye, wewe ukitazama. Kitanda cha kamba kilichobonyea kikazwe au kiwekewe mbao, la sivyo hatageuka mwenyewe kamwe.

Pima mwendo ili ujue kama unalipwa kwa kitu: akishaweza kutembea na msaidizi pembeni, chora mstari wa chaki mita 3 kutoka kwenye kiti, ahesabiwe sekunde za kusimama, kwenda, kugeuka, kurudi na kukaa. Andika tarehe. Wiki nne bila mabadiliko, mwambie mzee na familia wazi, ubadilishe mpango au umpe rufaa.

Video ya Dar: mwenye mwili ni mzee. Muulize kwa kadi zako mbili kama anataka mwanawe amwone, na kama anataka akiwa amevaa nini. Akikubali, apigiwe simu ya video kwa simu ya nyumbani, waonane, wewe ukiwa pembeni; picha isibaki kwenye simu yako wala isiende kundi la ukoo. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuwa mtoto wa mgonjwa peke yake hakumpi mtu ruhusa.

Ming'oko hatukucheki. Kinachotazamwa ni thamani, wakati, na kama kuna kinachotarajiwa. Kifungu cha ming'oko cha bibi anayeshukuru si rushwa, na kumrudishia ni kumtukana. Lakini kwa wiki hizi za mgogoro, huku naye anakusihi usiandike barua, kipeleke kitengoni mle wote, na mkuu wako akiwemo. Gunia la korosho likija Novemba, hilo lirudi lilikotoka.